Kiapo cha Jiwe la Kusagia

Nyangeta mwanangu,

Salamu sina haja ya kukuandikia, maana uko hapo nje kwenye mkeka, shangazi zako wanakusuka, na kila baada ya kidogo nasikia unacheka. Nimejifungia chumbani nikawaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Tangu nizaliwe kichwa hakijawahi kuniuma, nina kichwa cha chuma, muulize baba yako. Nimekaa juu ya gunia la mtama, daftari lako la zamani la shule liko magotini, na nataka nimalize kabla jua halijafika kwenye yale mawe ya mlimani. Kesho asubuhi gari la watu wa Bunda linakuja kukuchukua, na neno hili siwezi kukwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu tangu Jumapili. Mara zote tatu nimeishia kukwambia habari za chumvi.

Za chumvi umeshazijua. Sitakuandikia namna ya kupika wala kufua wala kukaa na mama mkwe. Nilikufundisha mwenyewe na nilikufundisha vizuri, huko Bunda watajionea. Na mwandiko huu usiudharau. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wa kisomo cha watu wazima aliniambia mbele ya darasa zima kwamba mwandiko wangu unaushinda wake, na toka siku hiyo wanawake wa kijiji hiki wakiwa na mtoto Musoma au Mwanza, barua ni mimi nawaandikia. Nimeshaandika vilio vya watu wengi. Cha kwangu ndicho kinachonishinda.

Basi niseme moja kwa moja. Kile kiapo ambacho watu wote wananisifia, nilichoapa kumtetea baba yako mbele ya mkutano, kilikuwa cha uongo. Kesho nitasimama nikitengue mbele ya watu walewale. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwenye gulio.

Sasa nikueleze toka mwanzo, maana ulikuwa mtoto.

Ulipokuwa bado mgongoni tulikuwaga na darasa la akina mama kanisani. Mwalimu wetu alikuwa mke wa mchungaji, ndiye huyuhuyu Mama Mchungaji uliyemwona kwenye harusi yako, ila siku hizo alikuwa mwembamba. Alikuwa anatoka Nyakato kila mwisho wa mwezi na baiskeli ya kike, viatu amevifunga kwenye keria visipate vumbi. Alifundishwa na mmishenari mmoja mwanamke aliyewahi kukaa na Wayahudi, basi habari za Wayahudi alizijua kama za majirani zake. Akatuambia kwamba Myahudi, Ijumaa jioni sabato ikiingia, anaketi mezani na kabla hajagusa chakula anamwimbia mke wake sifa, mbele ya watoto. Tulicheka mpaka machozi. Mama mmoja akasema, “Wangu akiniimbia kabla ya kula nitajua ameshauza ng’ombe.”

Mimi sikucheka sana. Alitusomea zile sifa, akasema Wayahudi wenyewe wamezipanga kwa herufi zao, kila sifa na herufi yake, toka ya kwanza mpaka ya mwisho, ili mwanamke asifiwe kwa kila sauti ambayo mdomo unaweza kuitoa. Mwanamke yule anaamka kungali giza kuwapa watu wake chakula. Ananunua shamba. Mikono yake ina nguvu. Taa yake haizimiki. Na mume wake anajulikana langoni akikaa na wazee. Nilisikiliza nikajiona. Nakwambia kweli, nilimwona yule mama wa Kiyahudi ni mimi nimevaa nguo nyingine tu. Nani mwingine hapa alikuwa analima pamba na mtoto mgongoni, na kwenye mzani ikapokelewa gredi ya kwanza bila kuchambuliwa upya?

Nikauliza, “Mwalimu, langoni ni wapi?”

Akasema kwao mji ulikuwa na ukuta, na mambo ya watu yaliamuliwa pale kwenye lango.

“Basi kwetu ni mkutanoni,” nikasema.

“Unaweza kusema hivyo, Mama Nyangeta.”

Nikaondoka na hilo. Nikaweka moyoni kwamba mke mwema ni yule ambaye mume wake akiguswa mkutanoni, anasimama. Kulikuwa na sifa nyingine pale mwanzoni kabisa, kabla ya shamba na kabla ya taa, inayosema kwamba moyo wa mume wake unamwamini. Hiyo niliipita haraka. Nilidhani ni salamu tu.

Mwaka wa kuhamia vijijini wewe ulikuwa umeanza kung’oka meno ya mbele. Tulikuwa tunakaa kule juu, upande wa kwenda Butiama, kule ambako sasa ni mahame na minyaa imekuwa mirefu kama nyumba. Tuliambiwa lori litakuja Jumatatu, kila mtu apakie. Bibi yako, mama mzaa baba yako, akasema yeye haendi. Hakugomba. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake anasaga ulezi, na hakuacha kusaga. Akasema, “Baba yenu ameshazoea kuamka kwa sauti ya jiwe langu. Nikiondoka, atalala mpaka lini?”

Babu yako alikuwa ameshakufa miaka sita. Kaburi lake liko pale uani, hatua kumi na mbili toka jiwe lilipo.

Mimi na bibi yako hatukupatana, hilo nalo ulijue. Alisema mdomo wangu una mlango lakini hauna komeo. Nilimjibu kwamba bora mlango usio na komeo kuliko nyumba isiyo na mlango, na watu wakacheka, na nikaona nimeshinda. Basi Jumapili ile baba yako alipompakia kwenye baiskeli, akaniambia anampeleka Suguti akakae na shangazi yako, mimi nilifurahi. Nilimfungia ulezi na samaki wakavu, nikamuaga kwa heshima zote. Baba yako akarudi jioni peke yake. Sikumuuliza mama amefikaje. Hata kama maji ya kunywa alipata njiani, sikuuliza.

Jumatatu lori likaja. Mawe ya kusagia hawakuyapakia, walisema ni mazito na kijijini kutakuwa na mashine. Nilichukua jiwe langu dogo tu, lile la mkononi, nikalitia kwenye kapu. Nyumba yetu wakaiezua. Kibanda cha bibi yako, kwa sababu kilikuwa nyuma ya minyaa, hakuna aliyekigusa.

Haikupita miezi miwili, maneno yakaanza. Wanawake waliokwenda kuokota kuni kule juu alfajiri walirudi bila kuni. Walisema pale mahameni kwetu panasagwa. Mmoja alikuwa jirani yangu na si mtu wa kuzua, akaniambia amesikia jiwe kwa masikio yake, linakwenda na kurudi, linatua, linaanza tena. Akachungulia kwenye minyaa. Uani pamefagiwa. Akaona mistari ya ufagio mibichi kabisa, toka kwenye kaburi mpaka kwenye jiwe, na juu ya ile mistari hakuna unyayo hata mmoja.

“Na moshi?” nikamuuliza.

“Hakuna moshi, Mama Nyangeta. Ndiyo maana nilikimbia.”

Kisha mbwa wetu akaanza kupotea usiku na kurudi asubuhi tumbo limejaa. Kisha surua ikaingia kijijini. Mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi akafa, na baada yake mapacha wa nyumba ya tatu. Hapo watu wakaacha kunong’ona. Wakasema waziwazi kwamba baba yako anafuga msukule kule juu, ana mtu aliyekufa anayemsagia, na huyo kabla ya kula unga wake anataka mtoto kwanza. Unajua mwenyewe watu wa kwetu wanamfanyaje mtu aliyetajwa hivyo. Baba yako hakuwa na hatari ya kusengenywa, alikuwa na hatari ya kutolewa roho.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mzuri, alitaka mambo yaishe kwa maneno. Lakini Mzee Kisiri, ambaye sasa hivi anapokuja kwetu anakunywa chai vikombe vitatu, ndiye aliyesimama kwanza.

“Baba Nyangeta,” akasema, “sisi wake zetu wanapanga foleni mashineni. Wako hatumwoni sana. Unga wako nani anakusagia?”

Watu wakacheka kile kicheko kisicho na furaha.

“Labda analo jiwe linalojisaga,” kijana mmoja akasema nyuma. “Atuazime na sisi, tupumzishe wanawake.”

Baba yako akasimama. Mwanangu, hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo nilipokosea. Alisimama, akavua kofia, akaishika mbele kwa mikono miwili. Akafungua mdomo. Niliona kabisa amefungua mdomo na neno limeshafika kwenye meno.

Na mimi nikasimama.

Nilikuwa nimejiandaa. Chini ya kanga nilikuwa nimebeba lile jiwe langu dogo. Kwetu mwanamke haapi kwa mkuki, mkuki ni wa wanaume. Mwanamke anaapa kwa jiwe lake la kusagia, analiweka chini, analiruka akiwa peku, anataja anachokitaja. Na jiwe lililoapiwa halisagiwi tena, linazikwa. Nilipita katikati ya wanaume wote wale. Nikamwambia baba yako, “Kaa, Baba Nyangeta. Mbuzi hawajibiwi na ng’ombe.” Watu wakaguna. Akanitazama. Nilidhani ananitazama kwa kushukuru.

Nikaweka jiwe chini. Nikasema, “Mume wangu analala nyumbani kwangu na kuamka nyumbani kwangu. Kule juu haendi. Kule hakuna mtu, aliye hai wala aliyekufa. Mama yake yuko Suguti kwa binti yake anakula samaki. Kama nasema uongo, jiwe hili lisage meno yangu, na likimaliza meno lisage nyumba yangu.” Nikaruka.

Hakuna aliyecheka. Mzee Kisiri akakaa kama aliyevutwa shati. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Mchungaji alipopata habari alikuja toka Nyakato katikati ya mwezi, akanishika mikono akasema leo ameona lango. Nilitembea mwezi mzima kama niliyevaa viatu vipya. Ni kweli pia kwamba niliokoa maisha ya baba yako siku ile, na sitaki kujinyima hilo. Hakuna aliyemgusa.

Lakini hukumu ya mkutano haikuishia kwenye kiapo changu. Balozi, mwenye msiba, akasema kiapo amekipokea, ila njia ya kwenda juu ilindwe mpaka hicho kinachosaga kijulikane. Wakawekwa vijana sita, zamu kwa zamu, usiku na mchana. Yeyote atakayeonekana anapanda ndiye mwenyewe. Walilinda siku kumi na moja.

Siku hizo kumi na moja baba yako hakula. Alikuwa anachukua ugali, anaufinyanga kiganjani, anaufinyanga, mpaka unakuwa mgumu kama udongo, halafu anaurudisha. Mimi nikidhani amewakasirikia watu, nikawa namchekesha. Nilikuwa namwigiza Mzee Kisiri anavyokaa. Siku ya nne akaniuliza, “Mama Nyangeta, mtu mzima akiwa na kibaba cha ulezi na mtungi mmoja wa maji, anakaa siku ngapi?” Nikamwambia, inategemea ni mlafi kiasi gani. Nikacheka.

Kila asubuhi walinzi walishuka na habari ileile. Panasagwa. Siku ya kwanza, ya tano, ya tisa. Mlinzi mmoja alikuwa mtoto wa dada yangu, hana sababu ya kunidanganya. Alisema asubuhi ya siku ya kumi na moja alisikia vizuri kuliko siku zote, jiwe lilikuwa linakwenda haraka, kama mtu anayeona wageni wanakaribia na unga haujatosha. Siku hiyo vijana walikataa kurudi juu, ulinzi ukavunjika wenyewe.

Baba yako akaondoka kabla hata hawajamaliza kusimulia. Alirudi saa ya mifugo kuingia, magoti na mikono imejaa udongo. Alikuwa na kibuyu cha unga. Akanipa akasema, “Pika uji. Tunywe wote.” Nikapika. Ulikuwa unga laini sijawahi kuona, hata mimi sisagi hivyo, na mimi nasaga. Ulikunywa bakuli lako ukaomba la pili, nikakupa la kwangu.

Ulipokwenda kulala ndipo akaniambia.

Bibi yako hakukaa Suguti hata siku moja. Baba yako alimficha siku mbili kwenye mapango ya yale mawe makubwa, lori lilipoondoka akamrudisha kwenye kibanda chake, kwa sababu alimlilia. Mara mbili kwa wiki, mimi nikidhani amekwenda kuangalia mitego, alikuwa anampelekea maji na nafaka. Moshi hakuna kwa sababu alimwachia makaa yaliyoiva kwenye chungu. Nyayo hakuna kwa sababu bibi yako alikuwa anafagia akirudi kinyumenyume. Yote yana maelezo, unaona. Siku ile mkutanoni neno lililokuwa kwenye meno yake lilikuwa hili: ni mama yangu, nisameheni, twendeni tukamchukue. Wangemtoza faini. Wangemsema mwaka mzima. Na bibi yako angeteremshwa kwenye kitanda akanywa uji wangu akausema vibaya.

Nikamuuliza kwa nini hakunikatiza. Akasema, “Ulikuwa umeshataja meno yako.” Nikamuuliza kwa nini hakuniambia baadaye, nyumbani, tukiwa wawili. Akasema kiapo cha asiyejua hakimli mwenyewe. Kama angeniambia, ningejua. Basi akaninyamazia mimi ili jiwe lisinisage, akamwacha mama yake, akihesabu kibaba cha ulezi kichwani.

Nikauliza, na kabla ya hapo? Toka Jumapili ile ya baiskeli?

Akasugua udongo uliokauka magotini. Kisha akasema, “Mdomo wako, Mama Nyangeta. Niliogopa mdomo wako.”

Nimetukanwa na watu wengi, lakini hilo halikuwa tusi, na ndiyo maana mpaka leo liko palepale.

Sasa sikiliza kisicho na maelezo. Alimkuta mama yake amelala juu ya ngozi, amejifunika vizuri, amekauka. Mtungi ulikuwa mkavu, chungu cha makaa kina majivu baridi. Baba yako amezika watu wengi, akasema huyu si wa jana wala juzi, huyu ameondoka siku ya tatu au ya nne. Na mlangoni buibui alikuwa ametanda toka juu mpaka chini, utando mzima, baba yako aliuchana kwa mkono wake ili aingie. Lakini nje, kwenye jiwe, kulikuwa na unga. Aliugusa. Ulikuwa bado na joto la jiwe.

Ndio ule tuliokunywa. Nilimuuliza kwa nini aliuleta. Akasema asingeweza kumwaga kazi ya mama yake.

Alimzika mwenyewe ubavuni mwa babu yako. Asubuhi akaenda Suguti kwa miguu, akamwambia shangazi yako, wakalia, wakakubaliana waseme mama amefia kule na kuzikwa kule. Tukanyoa nywele. Watu wakaja kutupa pole, Mzee Kisiri alileta kuku. Waliniambia angalau mama mkwe wako alikufa kwa binti yake, ameshiba samaki. Nikaitikia. Msiba wa uongo unatia muhuri kiapo cha uongo, na mimi ndiye niliyepika.

Kule juu hakusikiki tena kitu. Watu wanachanja kuni mpaka kwenye minyaa yenyewe. Hilo nalo walinihesabia mimi, kwamba kiapo changu kilifukuza kilichokuwepo.

Unajua wanavyonisifia kwamba Mama Nyangeta haamshwi na jogoo, jogoo ndiye anayeamshwa naye. Wanasema naamka kungali giza kama yule mwanamke wa Wayahudi. Mwanangu, siamki. Naamshwa. Huku kwetu hakuna jiwe, unajua mwenyewe mahindi yetu yanakwenda mashineni, na lile langu dogo lililoapiwa nililizika. Lakini siku nyingine, hasa miezi ya baridi, nasikia jiwe linakwenda na kurudi upande wa jikoni. Halina hasira. Ni sauti ya mtu anayefanya kazi yake. Ninapofika jikoni limenyamaza, basi nakoka moto, kwa sababu nitafanya nini kingine nikiwa nimesimama pale. Baba yako naye huwa macho. Tunalala tumegeukiana migongo, kila mmoja anasikia, na miaka yote hii hatujaulizana.

Hivyo ndivyo ningekufa, kwa kiburi changu. Lakini Jumamosi kwenye harusi yako Mama Mchungaji akasimama, mnene na mzuri, akakwambia mbele ya watu wa Bunda wote, “Binti, wewe usitafute mfano mbali. Mama yako alimtetea mume wake langoni.” Akasimulia yote, jiwe, kuruka, Mzee Kisiri kukaa. Ukalia kwa fahari. Ukasema kwenye kipaza sauti kwamba mtu yeyote akimsema Makuru wako utakuwa wa kwanza kusimama, kama mama. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa natazama upande wa wanaume. Nilimwona baba yako ameinuka na kofia yake ameishika mbele kwa mikono miwili, akatoka nje.

Jumapili tulipobaki wawili nikamwambia, “Baba Nyangeta, ninataka kukitengua kile kiapo. Safari hii nimekuja kukuuliza kwanza.”

Alikuwa anachonga mpini. Akachonga, akachonga, nikadhani hajasikia. Kisha akauliza, “Utasimama wapi?”

“Palepale.”

“Watasema tulimuua mama.”

“Watasema.”

“Na ya kweli ni mangapi?”

Tukakaa tukahesabu ya kweli ni mangapi. Ilichukua muda. Mwishowe akasema, “Mkutano ni Jumatano saa nane. Ila mara hii nianze mimi. Ile zamu yangu uliniibia.” Na akacheka, mwanangu. Kidogo, puani. Sijamsikia akinicheka hivyo tangu ung’oke meno.

Usiku ule tulilala tunaangaliana. Jiwe sikulisikia, lakini sitaki kukudanganya kwamba ndiyo mwisho, labda ilikuwa zamu ya kupumzika tu.

Mama Mchungaji alitusimulia siku moja habari nyingine ya Wayahudi ambayo sikuipenda kipindi hicho. Kuna mume mmoja alijiunga na watu waliotaka kumpinga kiongozi wao, na kesho yake wangekuja kumchukua waende wakagombane mbele ya umma. Akamweleza mke wake nyumbani. Mke hakwenda kwenye umma kumsemea. Alimnywesha mvinyo mpaka akalala, halafu akaketi mlangoni akazifungua nywele zake, na wale wanaume walipokuja wakaona aibu kumwona mwanamke wa watu nywele wazi, wakarudi. Wote waliokwenda waliangamia, yeye akapona amelala. Niliona huyo ni mwanamke gani, hana hotuba. Siku hizi namfikiria zaidi kuliko yule mwenye shamba na taa. Mume wake alimwambia. Hilo ndilo linalonichoma. Kabla ya mlango na nywele, alikuwa ameshamwambia.

Na zile sifa za Ijumaa, nilipozitafuta tena nikazisoma mwenyewe kwa kidole, mwanamke yule langoni haendi. Mume wake ndiye anayekaa pale. Za kwake zinafika zenyewe.

Sikukatazi kumtetea Makuru. Huyo mvulana ni mwema, ingawa anaongea taratibu mno, mtu anaweza kuchuma pamba mstari mzima anamsubiri amalize. Msubiri amalize. Kama kuna neno liko kwenye meno yake, msubiri, hata kama watu wanapiga kelele, hata kama unajua utasema vizuri kumzidi, na utasema vizuri kumzidi maana wewe ni wangu. Na akikuficha kitu, kabla hujamuuliza kwa nini amekuficha, jiulize amekuona ukifanya nini na siri za wenzake.

Naona jua limefika kwenye mawe, na shangazi yako ameshagonga mara mbili anauliza kama kichwa kimepoa.

Nimeipanga siku kwa makusudi. Saa nane kesho wewe utakuwa umeshapita Butiama, uko njiani. Sikutaka uwepo, kwa sababu ungesimama. Nakujua. Ungesimama kabla baba yako hajavua kofia. Lakini habari zina miguu mirefu kuliko gari, na kabla ya Jumapili utakuwa kisimani Bunda na mwanamke fulani ataweka ndoo chini aseme, “Huyu si ndiye binti wa yule aliyeapa uongo, mama mkwe akafa na kiu?” Damu itakupanda. Utataka kutoa kanga uifunge kiunoni.

Teka maji yako, mama. Ni kweli. Mwambie ni kweli.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu,

mama yako, Mama Nyangeta